Tarakimu Moja ya Joto: Namna Dunia Ilivyopata Kipimo Chake

Joto la wastani la uso wa dunia, ambalo leo hutajwa kuwa takriban nyuzi 15 za Selsiasi, halijawahi kusomwa na mtu yeyote kwenye kipimajoto, kwa kuwa wakati ule ule ambapo jua la utosi linaunguza Turkana, usiku mrefu wa Antaktika unagandisha kila kitu, na baina ya sehemu hizo mbili kuna bahari, misitu, milima na majangwa, kila mahali pakiwa na joto lake na saa yake. Tarakimu hiyo hujengwa kutokana na mamilioni ya vipimo vilivyochukuliwa na watu wasiojuana, kwa vyombo visivyofanana, katika nchi ambazo mara nyingi hazikuwa na maelewano. Ndiyo maana swali la jinsi wanasayansi wanavyojua kwamba dunia inazidi kupata joto halijibiwi kwa kutaja chombo kimoja; hujibiwa kwa kufuata mikondo miwili ya historia, wa kwanza ukiwa ule wa vyombo na madaftari ya vipimo, na wa pili ule wa hesabu za nishati zilizoeleza kwa nini kila sayari ina joto ililo nalo. Mikondo hiyo ilikwenda mbalimbali kwa zaidi ya karne moja kabla ya kukutana, na uzito wa tarakimu iliyozaliwa umetokana kwa kiasi kikubwa na desturi ya kutafuta makosa ndani yake na kuyasahihisha, hata pale usahihishaji ulipopunguza ongezeko la joto badala ya kulikuza.

Kutoka ngozi hadi mizani, 1600–1792

Kwa karne nyingi joto lilijulikana kwa ngozi tu: maji yalikuwa ya moto, vuguvugu au baridi, na hapakuwa na njia ya kulinganisha kipupwe cha mwaka mmoja na cha mwingine isipokuwa kwa kumbukumbu za wazee. Mwanzoni mwa karne ya 17, Galileo na wenzake wa Italia walitumia mrija wa kioo ambao hewa ndani yake ilitanuka ilipopata joto na kuyasukuma maji, lakini kwa kuwa mrija huo ulikuwa wazi upande mmoja, uliathiriwa pia na kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza kila kitu, hata ikawa vigumu kutambua kama maji yameshuka kwa sababu ya joto au kwa sababu ya dhoruba inayokuja. Kosa hilo lilirekebishwa katika miaka ya 1650, pale mtawala wa Toscana, Ferdinand II, alipofadhili utengenezaji wa mirija iliyozibwa yenye pombe ndani, na kuanzia 1654 vyombo hivyo vikapelekwa katika miji kadhaa ya Ulaya ili joto lisomwe kwa utaratibu mmoja.

Kilichokuwa bado hakipo ni mizani ya pamoja. Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714 na kutangaza mizani yake mwaka 1724, kisha mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden akapendekeza mizani ya migawanyo 100 kati ya kuganda na kuchemka kwa maji. Mizani ya Celsius ya mwanzo ilikwenda kinyume na ilivyo leo, kwa maana maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100, na iligeuzwa baada ya kifo chake mwaka 1744.

Mizani ilipopatikana, hatua iliyofuata ilikuwa ya nidhamu. Mwaka 1780 chama cha elimu ya hali ya hewa cha Mannheim, Ujerumani, kilianzisha mtandao uliofikia vituo 39, na kila kituo kilipewa vyombo vilivyolinganishwa pamoja na amri ya kuvisoma saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Mtandao huo ulikufa katika vita vya miaka ya 1790, lakini ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kipimo cha mahali pamoja hakina maana kubwa mpaka kilingane, kwa chombo na kwa saa, na kipimo cha mahali pengine.

Kwa nini dunia haigandi, 1800–1896

Wakati wapimaji walipokuwa wakijaza madaftari, wanafizikia walikuwa wakiuliza swali tofauti. Mwaka 1800 William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo na kuona kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda juu, na kwa njia hiyo akagundua mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo leo huitwa mionzi ya infraredi. Mwaka 1824 mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier aliitumia elimu ya mionzi hiyo kujibu swali linaloonekana jepesi: ikiwa jua huimwagia dunia joto kila siku, kwa nini dunia haizidi kuwaka bila kikomo? Jibu lake lilikuwa kwamba dunia nayo hutoa joto kwenda anga za mbali, na hali yake hutulia pale kiasi kinachoingia kinapolingana na kinachotoka. Fourier alitambua pia kwamba angahewa huupitisha mwanga wa jua kwa urahisi kuliko inavyolipitisha joto lisiloonekana linalopanda kutoka ardhini, kwa hiyo ardhi huwa na joto zaidi kuliko ambavyo ingekuwa kama isingevikwa hewa.

Kilichobaki kilikuwa kujua ni hewa ipi inayofanya kazi hiyo. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alionyesha kwamba mrija uliojazwa kaboni dioksaidi, ambayo Waswahili huiita pia hewa ukaa, ulipata joto zaidi juani kuliko mrija wenye hewa ya kawaida, na akasema wazi kwamba angahewa yenye hewa hiyo kwa wingi ingeifanya dunia kuwa na joto zaidi. Mwaka 1859 John Tyndall, akiwa London, alitenganisha mionzi ya joto na mwanga wa jua, na akathibitisha kwamba naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa kabisa ya hewa, huipitisha mionzi ya joto karibu yote, ilhali mvuke wa maji na hewa ukaa huinasa. Hewa zenye tabia hiyo ya kunasa ndizo zinazoitwa gesijoto.

Mwaka 1879 Josef Stefan alipata kanuni inayoeleza ni kiasi gani cha nishati hutolewa na kitu chenye joto fulani, na kuanzia hapo joto la sayari likaweza kukokotolewa kwa karatasi na kalamu. Dunia hupokea kutoka jua wastani wa wati 340 kwa kila mita ya mraba, hurudisha takriban asilimia 30 kwa mawingu, barafu na mchanga, na kubakiza wati 240 hivi. Kitu kinachotoa wati 240 kinapaswa kuwa na joto la nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa kuwa uso wa dunia una nyuzi 15 juu ya sifuri, tofauti ya nyuzi 33 ndiyo mchango wa angahewa, na bila mchango huo bahari ingekuwa barafu.

Msweden Svante Arrhenius alikwenda hatua moja mbele. Mwaka 1896, baada ya miezi mingi ya hesabu za mkono zilizotegemea vipimo vya mionzi ya mwezi vilivyofanywa na Samuel Langley, alitangaza kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Hakuwa na hofu, kwa sababu alidhani kwamba uchomaji wa makaa ya mawe ungechukua maelfu ya miaka kufikia kiwango hicho, na kwa mtu wa kaskazini habari ya kupungua kwa baridi haikuwa mbaya.

Vizimba, ndoo na mhandisi wa mvuke, 1853–1938

Katika miaka hiyo hiyo mkondo wa vipimo ulikuwa ukipanuka kwa sababu zisizohusiana na hesabu za Arrhenius. Manahodha walitaka kujua pepo na mikondo, na mwaka 1853 wawakilishi wa nchi 10 walikutana Brussels na kukubaliana namna ya kuandika vipimo vya baharini. Joto la maji lilipimwa kwa kuteremsha ndoo, kuipandisha sitahani, na kutia kipimajoto ndani yake. Nchi kavu, Thomas Stevenson wa Uskoti alibuni mwaka 1864 kizimba cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyolazwa kimshazari, ili hewa ipite lakini jua lisikifikie kipimajoto, kwa kuwa kipimajoto kilichopigwa na jua hupima jua na wala si hewa. Mwaka 1873 mkutano wa Vienna uliweka msingi wa ushirikiano wa kimataifa wa hali ya hewa, ambao kuanzia 1950 umeongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na vizimba vya Stevenson vikaenea pamoja na dola za kikoloni, bandari, reli na simu za waya.

Mtu aliyeyaunganisha madaftari hayo na nadharia ya hewa ukaa hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Guy Stewart Callendar, mhandisi Mwingereza wa mitambo ya mvuke, alikusanya kwa muda wake wa ziada kumbukumbu za vituo 147, akakokotoa wastani wake kwa mkono, na mwaka 1938 akaieleza jumuiya ya wataalamu mjini London kwamba dunia ilikuwa imepata joto kwa takriban nyuzi 0.3 katika nusu karne, na kwamba moshi wa makaa ya mawe ulikuwa sehemu ya sababu. Hesabu zilizofanywa upya kwa kompyuta katika karne ya 21 zimeonyesha kwamba alikuwa karibu sana na ukweli, lakini wasikilizaji wake hawakushawishika, na shaka yao ilikuwa na msingi wa kitaalamu. Mwaka 1900 Knut Ångström alikuwa amepunguza kiasi cha hewa ukaa ndani ya mrija na kuona kwamba mionzi iliyonaswa ilibadilika kidogo mno, jambo lililoonekana kumaanisha kwamba hewa ukaa iliyopo imekwisha kunasa yote inayoweza kunaswa, kama shuka nyeusi dirishani ambayo kuongezwa kwa shuka ya pili hakuongezi giza.

Hewa ukaa yapata daftari lake, 1956–1979

Pingamizi la Ångström lilivunjika pale ilipofahamika kwamba angahewa si mrija mmoja wenye hewa ya aina moja kuanzia chini hadi juu, bali ni matabaka mengi, na kwamba kinachoamua joto la ardhini ni kimo ambacho mionzi hatimaye huponyoka kwenda anga za mbali. Hewa ukaa ikiongezeka, kimo hicho husogea juu, mahali penye baridi zaidi. Na kwa kuwa kitu cha baridi hutoa mionzi michache, dunia hubaki na nishati nyingi kuliko inayotoa mpaka uso wake upate joto la kutosha kurudisha mlingano. Mwaka 1956 Gilbert Plass, akitumia vipimo vipya vya mionzi na kompyuta za kwanza, alionyesha kwamba hewa ukaa ya ziada ilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Swali lililobaki lilikuwa kama hewa hiyo inaongezeka kweli, kwa kuwa wengi waliamini kwamba bahari ingeimeza yote. Mnamo Machi 1958 Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na viwanda na misitu, na kupata takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Ndani ya miaka michache mchoro wake ulionyesha mambo mawili: hewa ukaa ilishuka kila majira ya joto ya kaskazini pale mimea ilipochipua na kupanda tena majani yalipooza, na chini ya mawimbi hayo ya mwaka ilikuwa ikiongezeka bila kurudi nyuma. Kabla ya mapinduzi ya viwanda kiwango kilikuwa takriban 280. Kufikia 2024 kilikuwa kimepita 420.

Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walitunga kielelezo cha kompyuta kilichofuata nishati kutoka ardhini hadi tabaka za juu, na kupata kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, uso wa dunia ungepata joto kwa nyuzi zipatazo 2.3. Kielelezo hicho kilitoa pia utabiri ambao baadaye ungekuwa kama alama ya kidole ya mhusika: stratosfia, yaani tabaka linaloanzia kilometa 10 hivi au zaidi juu ya ardhi, ingepoa wakati tabaka la chini likipata joto, tofauti na ambavyo ingetokea kama jua lenyewe lingekuwa limeongeza nguvu. Mwaka 1979 jopo la Marekani lililoongozwa na Jule Charney lilikadiria kwamba ongezeko maradufu la hewa ukaa lingeleta nyuzi kati ya 1.5 na 4.5, na mwaka 2021, baada ya miaka zaidi ya 40 ya utafiti, makadirio ya kimataifa yalifinywa kuwa kati ya 2.5 na 4. Manabe alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka huo wa 2021.

Zuhura na Mirihi zatoa ushahidi, 1956–1976

Nadharia iliyotungwa kwa ajili ya sayari moja hukosa mahali pa kujaribiwa, na hapo ndipo sayari jirani zilipopata umuhimu. Zuhura iko karibu na jua kuliko dunia, lakini mawingu yake meupe hurudisha takriban robo tatu ya mwanga unaoifikia, kwa hiyo nishati inayobaki ni ndogo kuliko ile ya dunia, na hesabu ya karatasi inaipa joto la nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Ilikuwa ajabu, basi, pale Cornell Mayer na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walipoielekezea Zuhura antena ya redio mwaka 1956 na kupata mawimbi yanayolingana na kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi 300 juu ya sifuri.

Baadhi ya wataalamu walidhani kwamba mawimbi hayo yalitoka katika tabaka la juu lenye umeme na si ardhini, ilhali Carl Sagan alishikilia mwaka 1960 kwamba yalikuwa ya ardhi iliyopashwa moto na gesijoto. Mnamo Desemba 1962 chombo Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na kuona kwamba mawimbi yalififia kuelekea ukingoni mwa sayari, kama inavyotarajiwa iwapo chanzo chake ni ardhi iliyofunikwa na hewa nzito. Tarehe 15 Desemba 1970 Venera 7 ya Umoja wa Kisovyeti ilitua na kutuma kutoka ardhini, kwa dakika chache za ishara dhaifu, kipimo cha takriban nyuzi 475. Hewa ya Zuhura ni hewa ukaa karibu yote, na kanieneo yake ni zaidi ya mara 90 ya ile ya dunia.

Mirihi ilitoa funzo la upande wa pili. Mariner 4 mwaka 1965 na vyombo vya Viking vilivyotua mwaka 1976 vilionyesha kwamba hewa yake nayo ni hewa ukaa kwa takriban asilimia 95, lakini ni nyembamba mno, chini ya asilimia moja ya kanieneo ya dunia, na wastani wa joto lake ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Asilimia pekee, kwa hiyo, haielezi chochote mpaka ijulikane hewa yenyewe ni kiasi gani. Kanuni zile zile za mionzi zilieleza tanuri la Zuhura, jangwa la barafu la Mirihi na hali ya wastani ya dunia, bila kubadilishwa ili kuipendelea sayari yoyote.

Kutoka vituo hadi wastani, 1972–1995

Kufikia miaka ya 1970 nadharia ilikuwa imepevuka, lakini madaftari yalikuwa bado hayajaunganishwa, na kati ya miaka ya 1940 na 1970 joto lilikuwa limesimama au kushuka kidogo, jambo ambalo baadaye lilihusishwa kwa sehemu na moshi wa viwanda unaozuia mwanga wa jua. Kazi ya kukusanya na kusafisha kumbukumbu ilifanywa hasa katika kituo cha utafiti wa tabianchi kilichoanzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ambako Phil Jones alifanya kazi, na katika taasisi ya shirika la anga la Marekani mjini New York iliyoongozwa na James Hansen.

Hatua iliyofanya wastani uwezekane ilikuwa kuacha kutumia joto lenyewe na kutumia mkengeuko, yaani tofauti kati ya joto la kituo katika mwezi fulani na kawaida ya kituo hicho hicho kwa mwezi huo katika kipindi cha rejea, kwa kawaida miaka 30. Ikichukuliwa mifano ya vituo viwili, kimoja Mombasa pwani na kingine Limuru kwenye nyanda za juu, kufungwa kwa kile cha Limuru kungepandisha wastani wa viwili hivyo ghafla ingawa hakuna mahali palipoongezeka joto; lakini mikengeuko ikitumiwa, hitilafu hiyo hutoweka, kwa sababu kila kituo hulinganishwa na historia yake chenyewe. Zaidi ya hayo, mwaka 1987 Hansen na Sergej Lebedeff walionyesha kwamba mikengeuko ya vituo vilivyoachana hata kilometa 1,200 mara nyingi huenda pamoja, hasa nje ya tropiki, kwa hiyo pengo kati ya vituo linaweza kujazwa kwa uangalifu.

Kisha yalikuja masahihisho. Kituo kilichohamishwa kutoka paa la posta hadi uwanja wa ndege huonyesha kushuka kwa joto kusikokuwapo. Kituo kilichozingirwa na mji huonyesha kupanda ambako ni kwa saruji na lami. Na kila badiliko la namna hiyo hugunduliwa kwa kulinganisha kituo na majirani zake. Sahihisho kubwa kuliko yote lilihusu zile ndoo za baharini. Maji ndani ya ndoo ya turubai huvukiza na kupoa kabla hayajapimwa, ilhali maji yanayoingizwa kupoza injini za meli husomwa yakiwa na joto zaidi, kwa hiyo vipimo vya zamani vilikuwa vya baridi kupita kiasi, na Chris Folland na David Parker walieleza mwaka 1995 namna ya kuvirekebisha. Matokeo yake yanastahili kuzingatiwa na kila anayeshuku kwamba wanasayansi hukuza takwimu: kwa kuwa bahari ya zamani ilipandishwa, ongezeko la jumla la joto la dunia tangu karne ya 19 lilipungua.

Mnamo Juni 1988 Hansen aliliambia Baraza la Seneti la Marekani kwamba ongezeko la joto lilikuwa limeanza kuonekana, na mwaka huo huo Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, yaliunda Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, linalojulikana kwa kifupi kama IPCC.

Ugomvi wa setilaiti, 1978–2005

Tangu 1978 setilaiti za Marekani zimekuwa zikipima mawimbi ya maikrowevu yanayotolewa na oksijeni ya angahewa, ambayo nguvu yake hubadilika kulingana na joto. Mwaka 1990 Roy Spencer na John Christy walichapisha hesabu iliyotokana na vipimo hivyo, na katika miaka iliyofuata hesabu yao ilionyesha kwamba angahewa ya chini haipati joto, hata inapoa kidogo, wakati vituo vya ardhini vikisema kinyume. Kwa zaidi ya muongo mmoja tofauti hiyo ilikuwa silaha kuu ya waliopinga kwamba dunia inapata joto.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kuichunguza setilaiti yenyewe. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha kwamba setilaiti huteremka taratibu kwa kuburutwa na hewa nyembamba ya juu, na mteremko huo huzaa upoaji wa uongo. Kisha mwaka 2005 Wentz na Carl Mears wakaonyesha kwamba sahihisho la saa ya kupita juu ya kila mahali lilikuwa limewekwa kinyume, na Christy na Spencer wakalikubali kosa hilo. Baada ya masahihisho setilaiti nazo zilionyesha kupanda kwa joto la chini, na pia kupoa kwa stratosfia kama kielelezo cha 1967 kilivyotabiri. Wakati ugomvi huo ukiendelea, nadharia ilijaribiwa pia kwa njia nyingine: mlima wa volkano Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka mnamo Juni 1991, Hansen na wenzake wakatabiri mapema mwaka uliofuata kwamba vumbi lake lingeipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi kwa muda mfupi, na dunia ikapoa hivyo.

Barafu, ziwa na hadhari ya kufasiri, 1999–2010

Kwa kuwa vipimajoto havirudi nyuma zaidi ya karne chache, miaka ya kale ilitafutwa katika vitu vilivyohifadhi alama zake. Uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi ndani ya barafu hubadilika kulingana na joto la wakati theluji ilipoanguka, na mapovu ya hewa yaliyonaswa humo ni sampuli halisi za angahewa ya kale. Barafu iliyochimbwa Vostok, Antaktika, ilitoa mwaka 1999 historia ya zaidi ya miaka 400,000, na mahali pengine katika bara hilo historia ikafikia miaka 800,000. Katika muda huo wote, hadi enzi ya viwanda, hewa ukaa haikuvuka sana kiwango cha 300.

Afrika Mashariki ilichangia katika sura hii, na kwa namna inayoonyesha kwamba kipimo hakijifasiri chenyewe. Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, mwongozaji wake aliitaja kwa neno la Kiswahili lenye maana ya baridi tu, na baadhi ya wasomi wa Ulaya walikataa kabisa kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walitangaza kwamba asilimia 80 hivi ya eneo la barafu hiyo ilikuwa imetoweka kati ya 1912 na 2000, na dunia nzima ikaifanya Kilimanjaro kuwa nembo ya ongezeko la joto. Georg Kaser na wenzake walijibu mwaka 2004 kwamba hewa ya kileleni bado iko chini ya kiwango cha kuganda, na kwamba barafu hiyo hupungua hasa kwa sababu ya ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, unaopunguza theluji mpya na mawingu ya kuikinga na jua. Kwa maelezo hayo barafu ya Kilimanjaro ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, lakini haiwezi kusomwa kama kipimajoto.

Ziwa Tanganyika lilikuwa shahidi wa wazi zaidi. Vipimo vya maji yake tangu 1913 vinaonyesha ongezeko la joto, na mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba maji ya juu yaliyopata joto huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na maji ya kilindini yenye virutubisho, hali iliyokadiriwa kupunguza uzalishaji wa viumbe wa chini kabisa katika mlolongo wa chakula kwa takriban asilimia 20, na hivyo kutishia dagaa na migebuka. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, kwa kutumia mabaki ya kikemikali katika tope la ziwa, walipata kwamba maji hayo hayajawahi kuwa na joto la leo katika miaka 1,500.

Mpaka wa nyuzi 1.5, 2000–2024

Tangu mwaka 2000 mtandao wa maboya yaitwayo Argo, ambayo leo yanakaribia 4,000, umekuwa ukipima bahari hadi kina cha mita 2,000, kila boya likizama na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi. Mtandao huo ulijibu swali la mahali joto lilipo, kwa kuwa takriban asilimia 90 ya nishati ya ziada iko baharini, na hewa inayopimwa ndani ya vizimba vya Stevenson ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Mnamo Desemba 2015 mataifa yalikubaliana mjini Paris kujitahidi kuzuia ongezeko la joto lisizidi nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, ambacho kwa vitendo huchukuliwa kuwa wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, baada ya kulinganisha hesabu sita zilizofanywa na makundi tofauti, lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na nyuzi zipatazo 1.55 juu ya kiwango hicho, kukiwa na ukingo wa shaka wa 0.13. Tangazo hilo halikumaanisha kwamba mpaka wa Paris umekwisha kuvunjwa, kwa kuwa mpaka huo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, na mwaka mmoja unaweza kupandishwa na El Niño, yaani vipindi ambavyo maji ya Pasifiki ya tropiki hupata joto kupita kawaida.

Ukingo huo wa 0.13 una historia ndani yake. Vyombo vya leo ni sahihi kiasi kwamba shaka juu ya mwaka 2024 wenyewe ni ndogo. Sehemu kubwa ya shaka iko kwenye mwanzo wa mizani, katika miaka ya 1850 hadi 1900, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na kituo hata kimoja na bahari ilijulikana kwa ndoo za turubai. Mazungumzo ya mataifa kuhusu sehemu ya kumi ya nyuzi moja yanategemea, basi, mabaharia waliovuta maji sitahani bila kujua kwamba wanaipima dunia, na wachambuzi waliokaa miongo kadhaa wakikadiria maji hayo yalipoa kiasi gani kabla ya kipimajoto kutumbukizwa.